Seva Imejaa, Lakini Imejaa Wapi?

Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, dada wa masjala katika ofisi ya wapima ardhi ninayoihudumia alinipigia simu.

"Kaka, za asubuhi. Skana imegoma. Inaandika diski imejaa."

"Nzuri, dada. Imeanza leo?"

"Leo hii. Ijumaa tulipiga skani mpaka jioni, haikuwa na neno."

Nilishangaa, kwa sababu seva ile niliijenga mwenyewe, na nilijua eneo la skana lilikuwa limebakiwa na zaidi ya nusu terabaiti. Nilipofika nikakuta mambo mawili. La kwanza, diski ndogo inayobeba mfumo wenyewe wa seva ilikuwa imejaa asilimia 100. La pili, volyumu ya skana, yaani lile eneo lake la kuhifadhia, haikuwa imepachikwa mahali pake, maana yake haikuunganishwa na folda yake. Wiki moja nyuma umeme ulikatika, betri ya UPS ikaisha, seva ikazimika ghafla, na ilipowaka tena mfumo wa faili wa volyumu ile ulikataa kufunguka mpaka ukaguliwe. Nikaukagua, nikaurekebisha, nikaipachika volyumu. Nikamwita dada aangalie.

Akaipitia folda kutoka juu mpaka chini, kisha akarudia tena. "Za miezi yote ya nyuma naziona, kaka. Za wiki iliyopita hakuna hata moja. Ramani tisini na moja."

Na ile diski ndogo bado ilikuwa imejaa.

Kupotea kwa ramani zile na kujaa kwa diski ile lilikuwa jambo moja. Lakini ili mtu alione hivyo, inabidi ajue kuna nini kati ya diski iliyomo ndani ya seva na folda anayoifungua kwenye kompyuta yake. Watu wengi, hata walioajiriwa kutunza seva, huchukulia kwamba hapo katikati hakuna kitu. Kuna tabaka tano au sita, na karibu kila lalamiko la "nafasi imekwisha" au "faili langu limepotea" huwa limejificha katika mojawapo.

Kutoka kwenye diski mpaka kwenye folda

Tuanzie chini. Ukiacha ile diski ndogo ya mfumo, seva ya wapima ardhi ina diski nne za data, kila moja ya terabaiti 4. Kiwandani terabaiti moja huhesabiwa kuwa baiti trilioni moja kamili. Linux, mfumo endeshi wa seva hii, ukiiuliza ukubwa kwa amri ya df -h, huhesabu kwa vipimo vya 1,024, kwa hiyo diski ileile husomeka takriban 3.6. Hakuna aliyekupunja, ni rula mbili tofauti zinazopima kitu kimoja.

Juu ya diski kuna RAID, mpangilio unaoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja na kustahimili kifo cha baadhi yake. Jina hilo lilienea kutokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Pale ofisini nilichagua RAID 6. Katika diski nne, ujazo wa diski mbili hubeba data, na ujazo wa mbili nyingine hubeba hesabu za akiba ambazo kutokana nazo data iliyopotea inaweza kukokotolewa upya. Hata diski mbili zikifa kwa pamoja, kazi inaendelea. Gharama yake ni kwamba terabaiti 16 za dukani hubaki 8, na kwa rula ya Linux zikasomeka takriban 7.3.

Volyumu inaingia hapo. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliiandika mwaka 1998. Eneo lote la 7.3 huwekwa katika kundi moja, likakatwa vipande vidogo ambavyo kwa kawaida huwa vya megabaiti 4 kila kimoja. Volyumu ni orodha tu ya vipande hivyo: hivi ni vya uhasibu, hivi ni vya michoro, hivi ni vya skana, hivi bado havina mwenyewe. Si lazima vipande vya volyumu moja vifuatane, wala vikae kwenye diski moja.

Wapima ardhi walinielewa haraka nilipowaambia kwamba diski ni ardhi, volyumu ni kiwanja, na LVM ndiyo inayoweka bikoni. Tofauti yake na bikoni za zege ni kwamba hizi zinasogezwa huku mwenye nyumba amelala ndani.

Kiwanja kitupu hakikaliki. Juu ya volyumu hujengwa mfumo wa faili, kama ext4 au XFS, na huo ndio unaojua majina ya mafaili, tarehe zake na wenyewe. Volyumu haijui faili ni kitu gani. Mfumo wa faili nao haujui chini yake kuna diski ngapi. Kutojuana huko ni kwa makusudi. Ndiko kunakoniwezesha kubadilisha diski iliyochoka bila mfumo wa faili kushtuka.

Kisha mfumo huo wa faili hupachikwa kwenye folda ya seva, tuseme /srv/skana. Kabla ya kupachikwa, folda hiyo ni folda ya kawaida kabisa, tupu, iliyoko kwenye diski ya mfumo. Ikishapachikwa, anayeingia humo anajikuta ndani ya volyumu. Naomba msomaji azishike sentensi hizo mbili za mwisho, nitazidai baadaye.

Mwisho kabisa kuna programu inayotoa folda hiyo mtandaoni. Kwa kompyuta za Linux na Unix mara nyingi ni NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984. Kwa Windows ni Samba, ambayo Andrew Tridgell alianza kuiandika Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo huziwezesha mashine za Unix kuzungumza lugha ya mtandao ya Windows. Dada wa masjala anachokiona ni herufi S kwenye kompyuta yake. Haimpasi kujua zaidi ya hapo. Mimi inanipasa.

Mpaka upite wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni: tuwe na volyumu ngapi? Wengi hufuata chati ya idara na kumpa kila mkuu wa idara ya kwake. Naona hiyo ni njia mbaya, ingawa inawafurahisha wakuu wa idara. Volyumu ni kitu kinachojaa kwa pamoja, kinachoharibika kwa pamoja na kinachorejeshwa kwa pamoja. Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: kitu gani kikijaa hakitakiwi kuangusha kingine? Na nikilazimika kurudisha hali ya jana usiku, kitu gani kirudi na kipi kisiguswe?

Chukua skana. Ramani ya ukubwa wa A0 ikipigwa skani kwa rangi, nukta 300 kwa kila inchi, bila kubanwa, hufikia takriban megabaiti 400. Karatasi moja! Skana haina huruma wala haijui kesho. Itapokea ramani mia kama ilivyopokea moja. Kitu kinachokua bila mtu kukaa na kuamua kikue kiasi gani lazima kijengewe ukuta wake, ili siku kitakapofurika kizame chenyewe. Ndiyo maana skana ilipewa volyumu yake. Uhasibu nao nikautenga, kwa sababu nyingine kabisa: siku nitakayohitaji kurudisha vitabu vya malipo vya juzi, sitaki kuwafutia wachoraji kazi ya siku mbili.

Lakini kuta nyingi nazo ni maradhi. Kila volyumu hubaki na nafasi yake kidogo isiyotumika, na nafasi hizo haziwezi kusaidiana. Tena kuna jambo ambalo watu hawalitarajii. Kijana mmoja wa ofisi ile alinilalamikia kwamba kuhamisha mradi kutoka folda ya kazi zinazoendelea kwenda folda ya zilizokamilika kunamla karibu saa nzima, wakati zamani kulikuwa kufumba na kufumbua. Alisema kweli. Zamani folda zote mbili zilikuwa ndani ya volyumu moja, na kuhamisha faili ndani ya volyumu moja ni kubadilisha anwani tu. Data yenyewe haisogei hata hatua. Mtangulizi wangu alipozitenganisha kuwa volyumu mbili, kila baiti ikawa inasomwa upande huu na kuandikwa upande ule, na kwa kuwa kijana alikuwa akihamisha kutoka herufi moja ya Windows kwenda nyingine, baiti zote zilipita kwenye waya kuja kwake na kurudi tena. Mradi wa gigabaiti 300 kwenye mtandao wa gigabiti 1 hauwezi kupungua dakika 40. Nilipoijenga seva upya nikazirudisha chini ya paa moja.

Pale unapotaka tu mtu mmoja asimalize nafasi ya wenzake, huhitaji volyumu nyingine. Mgao unatosha. Mifumo ya ext4 na XFS yote inaweza kuwekewa kikomo kwa mtumiaji, kwa kikundi au kwa folda ya mradi. Mgao hauifungii nafasi mahali popote. Unasema tu mwisho wako ni hapa.

Kupanua ni rahisi, kupunguza ni kesi

Volyumu ya michoro ilipokaribia kujaa niliandika mstari mmoja:

lvextend -r -L +500G ofisi/michoro

Ilichukua sekunde chache, na wachoraji hawakuinua macho kwenye kazi zao. Herufi ndogo kuliko zote kwenye mstari huo ndiyo yenye uzito, ile -r. Inaiambia LVM ikishasogeza bikoni iuamshe na mfumo wa faili ujitanue mpaka kwenye mpaka mpya. Ukiisahau, kiwanja kinakua lakini nyumba inabaki ileile: df inaonyesha namba za zamani, wewe unadhani amri haikushika, unairudia, na tayari umegawa nafasi mara mbili.

Kupanua huanza nje kuja ndani, yaani volyumu kwanza halafu mfumo wa faili. Kupunguza ni kinyume chake, nyumba kwanza ndipo uzio. Anayesogeza uzio kabla ya nyumba anakata vyumba vilivyo na watu. Mfumo wa ext4 unaweza kupunguzwa ukiwa umeondolewa mahali ulipopachikwa, maana yake ofisi nzima isimame. XFS haina njia ya kweli ya kupunguzwa. Ukitaka volyumu ndogo unajenga mpya na kunakili.

Kwa sababu hiyo sigawi eneo lote siku ya kwanza. Kati ya 7.3 zile nimegawa kama 5.5. Mteja huona namba hiyo na kuuliza kwa nini kalipia nafasi isiyoonekana. Ninamwambia ukweli: nafasi ambayo haijagawiwa ninaweza kuipeleka popote kwa sekunde chache, na nafasi niliyokwisha kuigawa siwezi kuirudisha bila kusimamisha kazi.

LVM ina amri nyingine inayonipa raha kila ninapoitumia, pvmove. Pale ambapo kundi moja la volyumu linakaa juu ya hifadhi zaidi ya moja, amri hii huhamisha vipande kutoka hifadhi ya zamani kwenda mpya huku watu wakisoma na kuandika mafaili yaleyale. Wazo la kuhamisha eneo la mtu bila mwenyewe kujua lina umri mkubwa. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani kilishirikiana na IBM kutengeneza AFS, mfumo wa mafaili ya mtandao wa chuo kizima. Humo ilikuwa kawaida eneo la kila mtumiaji kuwa volyumu yake. Hifadhidata maalumu iliweka kumbukumbu ya volyumu ipi iko seva ipi, na msimamizi aliweza kuitoa seva iliyojaa akaipeleka iliyo na nafasi huku mwenye eneo akiendelea na kazi. Njia aliyoizoea haikubadilika hata herufi. Msimbo wake wa programu ulitolewa wazi na IBM mwaka 2000, na mpaka leo unaendelezwa kwa jina la OpenAFS.

Kwangu hili ndilo wazo bora kuliko yote katika kazi hii: jina analotumia mtu lisibebe jina la mashine. Hata ofisi ya watu kumi inaweza kulifuata. Usiwafundishe wafanyakazi kuingia "seva2". Wape jina kama "faili" kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, na wewe ujue leo linaelekea wapi. Siku seva itakapobadilishwa, utahamisha jina, nao hawatahitaji barua pepe ya maelezo.

Ila ukihama seva kwa NFS, kagua namba za watumiaji kabla ya kitu chochote. Kwa usalama wake wa kawaida, NFS haipeleki majina, inapeleka namba. Kama mhasibu ni 1003 kwenye seva ya zamani na kwenye mpya 1003 ni dereva, basi asubuhi dereva ataamka na mishahara ya watu wote.

Picha na ahadi

Kila siku saa saba usiku seva ile hupiga picha ya volyumu ya uhasibu. Picha hapa ni hali ya volyumu kama ilivyokuwa dakika ile, na inapatikana papo hapo kwa sababu hakuna kinachonakiliwa wakati wa kuipiga. Kinachofanyika ni kwamba baada ya hapo, kipande chochote kikitaka kubadilishwa, cha zamani huwekwa pembeni kwanza. Samba ikiwekewa moduli yake ya shadow_copy2, mhasibu anabofya kulia kwenye faili na kuona matoleo yake ya awali. Niliwahi kumwona dada wa uhasibu akiokoa jedwali la mwezi mzima alilolifuta kwa bahati mbaya, peke yake, bila kunipigia simu.

Picha hula nafasi polepole. Kwa LVM ya kawaida unaitengea picha ukubwa maalumu. Mabadiliko yakiuzidi, picha yote inabatilika na huwezi kuisoma tena. Kwa ZFS, mfumo wa faili unaofanya pia kazi ya volyumu, na kwa volyumu za LVM zinazogawana mfuko mmoja, picha haina kikomo hicho, lakini kuna shida nyingine: unafuta gigabaiti 200 na nafasi haiongezeki hata kidogo, kwa sababu picha ya jana bado imezishika. Msimamizi asiyejua hilo anaendelea kufuta. Anafuta hata visivyostahili.

Na picha iko kwenye diski zilezile. Moto, mwizi au mafuriko vikifika chumba cha seva, picha inaondoka na volyumu yake. RAID pia. Nakala rudufu ni ile iliyoko jengo jingine na ambayo umewahi kujaribu kurejesha kitu kutoka humo.

Ama hiyo mifuko ya pamoja niliyoitaja, huruhusu kugawa nafasi kwa ahadi. Unawaahidi watu kumi terabaiti moja kila mmoja, wakati ulizonazo ni sita. Ni kama kamati ya harusi inayosambaza kadi 400 na kukodi viti 300 kwa kuwa inajua si wote watafika. Mara nyingi hesabu hiyo inatimia. Siku wakifika wote, kwa mpangilio wa kawaida wa LVM, kila anayetaka kuandika husubirishwa sekunde 60, kisha hurudishiwa kosa, na mifumo ya faili iliyoamini ina nafasi tele huachwa katikati ya sentensi. Penye mtu anayetazama vipimo kila siku na mwenye bajeti ya kuongeza diski kabla ya asilimia 80, ni mbinu nzuri. Katika ofisi ambayo fundi huja akiitwa, naikataa kabisa.

Gigabaiti 38 ziko wapi

Turudi kwenye ile Jumatatu. Diski ya mfumo ilikuwa na gigabaiti 60. Amri ya df ilisema zimetumika 57 na zilizobaki ni sifuri. Hizo 3 za tofauti nilizitambua mara moja: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi mkuu peke yake, na ndiyo maana skana na printa viligoma lakini mimi niliweza kuingia na kufanya kazi. Kwenye diski ya mfumo akiba hiyo ni mkombozi. Kwenye volyumu ya data ya terabaiti 2 ni kama gigabaiti 100 zilizokaa bure, na huko mimi huipunguza mpaka asilimia 1.

Kisha nikaomba jumla ya mafaili yote yanayoonekana kwenye diski hiyo, du -x kuanzia kwenye mzizi, yaani folda iliyo juu ya zote. Jibu likaja 19.

Hamsini na saba dhidi ya kumi na tisa. Amri hizi mbili hazifanyi kazi moja, na pengo kati yake ndilo linalozungumza. Ya kwanza humwuliza mwenye daftari vipande vingapi vimeandikishwa. Ya pili hutembea folda kwa folda na kujumlisha kila inachokiona. Gigabaiti 38 zilikuwa kwenye daftari lakini hazionekani kwa macho.

Mshukiwa wa kwanza katika hali hiyo ni faili lililofutwa likiwa bado limefunguliwa. Kwenye Linux kufuta faili ni kuondoa jina lake. Kama kuna programu bado inaliandikia, data hubaki mpaka programu hiyo ifunge, na faili lisilo na jina huweza kuendelea kukua kwa wiki kadhaa. Amri ya lsof +L1 huyaorodhesha. Nikaiendesha, haikuleta kitu cha maana.

Mshukiwa wa pili niliupita haraka, kwa kuwa dalili zake ni tofauti, lakini inafaa kuutaja kwa sababu huwapoteza wengi. Kila faili kwenye ext4 huhitaji inodi, ambayo tuiite kadi yake ya usajili. Idadi ya kadi hupangwa siku mfumo unapojengwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Volyumu ya gigabaiti 100 inapata kadi 6,553,600 na si zaidi, labda uipanue. Programu ikimwaga mamilioni ya vifaili vya baiti mia mia, kadi zinakwisha huku df ikionyesha nafasi kubwa iko wazi, na ujumbe unaotoka ni uleule wa kwamba nafasi imekwisha. Unaligundua kwa df -i. Hapa kadi zilikuwa tele. XFS huongeza kadi kadiri zinavyohitajika, na kwa maeneo yenye vifaili vidogo vingi ndiyo ninayoichagua.

Basi likabaki lile nililomwomba msomaji alishike. Kabla ya volyumu kupachikwa, /srv/skana ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo.

Umeme uliporudi wiki ile, volyumu haikupachikwa. Katika orodha ya vitu vya kupachika seva inapowaka nilikuwa nimeandika nofail, ili hitilafu ya volyumu moja isizuie seva nzima kuwaka. Seva ikawaka. Samba ikaikuta folda ya /srv/skana ipo, ikaitoa mtandaoni kama kawaida. Ilikuwa tupu, lakini masjala walizoea kuikuta karibu tupu kila Jumatatu baada ya kuhamishia za wiki kwenye folda za mwezi, na za miezi hakuna aliyezihitaji siku zile. Na ruhusa za kuandika nilizozitoa siku ya ujenzi nilikuwa nimezitoa kabla ya kupachika, yaani kwenye folda ya chini pia. Skana ikapiga ramani ya kwanza, ikaandika. Ya pili. Ya tisini na moja. Zote zilikwenda kwenye diski ndogo, mpaka ikajaa. Nami nilipoipachika volyumu Jumatatu, niliiweka juu yake kama mkeka juu ya shimo. Hazikufutwa, zilifunikwa. Ndiyo maana du, inayotembea juu ya mkeka, haikuziona, na df, inayosoma daftari, ilizihesabu.

Kuondoa volyumu iliyo kazini haikuwa lazima. Nilifanya hivi:

mount --bind / /mnt/chini

Amri hiyo inaufungua mzizi wa seva mahali pengine, bila yale yaliyopachikwa juu yake. Nikaingia /mnt/chini/srv/skana. Mafaili 91, takriban gigabaiti 38.

Nilizinakili kwenda kwenye volyumu, nikalinganisha alama za uhakiki za kila faili pande zote mbili, ndipo nikafuta za chini. Diski ndogo ikashuka mpaka theluthi moja. Dada wa masjala akazihesabu kwa daftari lake, namba ya kiwanja kwa namba ya kiwanja, nami nikiwa nimesimama nyuma yake mpaka akafika ya mwisho.

Kabla ya kuondoka, wafanyakazi walipokuwa wamekwenda chakula cha mchana, niliiondoa kila volyumu kwa dakika moja moja, nikaifungia folda iliyo chini yake kwa chattr +i, ili volyumu ikikosekana tena mtu yeyote asiweze kuandika humo. Kwa folda zinazotolewa kwa NFS nikaongeza neno mountpoint kwenye orodha yake, ili isitoe chochote ambacho hakijapachikwa. Kisha nikaizima seva na kuiwasha tena nikiwa nimezuia kwa makusudi volyumu ya skana isipachikwe, nikamwomba dada apige skani karatasi moja. Skana ikakataa hapohapo, kwenye karatasi ya kwanza.